Nuru Yachunguza Mikondo ya Spini Katika Uso wa Vihami

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba maada, kwa upande wa umeme, hugawanyika katika makundi. Shaba, alumini na fedha ni vipitishi. Mpira, kioo na mbao kavu ni vihami. Na kati ya makundi hayo mawili ziko nusu-vipitishi, kama vile silikoni, ambazo ndizo msingi wa redio, vikokotoo na kompyuta. Kwa miaka mingi mgawanyo huo ulitosheleza mahitaji ya darasa na ya kiwanda pia. Lakini tangu mwaka 2005 wanafizikia wamelazimika kuongeza kundi jingine, ambalo halikai vizuri katika sanduku lolote la zamani. Kundi hilo huitwa vihami vya kitopolojia.

Mfano unaojulikana sana ni selenidi ya bismuthi, fuwele yenye rangi ya kijivu inayong'aa, iliyoundwa kwa atomi mbili za bismuthi kwa kila atomi tatu za seleni. Kwa mujibu wa nadharia, ndani yake fuwele hii ni kihami, ilhali uso wake hupitisha umeme. Uso huo haukupakwa madini yoyote. Fuwele ikipasuliwa vipande viwili, nyuso mpya zinazojitokeza nazo hupitisha umeme papo hapo, kana kwamba sifa hiyo ilikuwa ikingoja kupata mpaka wa kujidhihirisha.

Jambo la ajabu zaidi ni namna elektroni zinavyosafiri juu ya uso huo. Nadharia yasema kwamba kila elektroni hubeba alama inayoonyesha inaelekea upande gani, na kwamba alama hiyo haiwezi kutenganishwa na mwendo wake. Lakini kusema ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Uso huo una unene wa nanomita chache tu, na chini yake kuna fuwele nzima yenye elektroni zake zenyewe. Je, mchunguzi atajuaje kwamba mkondo anaoupima watoka usoni na si kwingineko? Makala haya yaeleza jinsi nuru ilivyotumiwa kulijibu swali hilo, na kwa nini jibu lenyewe lilihitaji uangalifu mkubwa.

SPINI NA MKONDO WAKE

Mwaka 1922, huko Frankfurt, Ujerumani, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mfululizo wa atomi za fedha katikati ya ncha za sumaku isiyo na nguvu sawa kila mahali. Atomi hizo hazikutawanyika ovyo. Ziligawanyika katika makundi mawili. Miaka mitatu baadaye George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipendekeza kwamba elektroni, mbali na kuwa na chaji, ina pia sifa inayofanana na kuzunguka kwa pia ya kuchezea. Sifa hiyo ndiyo spini. Ulinganisho na pia usichukuliwe kuwa kamili, kwa maana elektroni si kitu kigumu kinachozunguka. Lakini kama pia, spini ina mhimili, na hufanya elektroni iwe sumaku ndogo mno. Ikipimwa kufuata mhimili wowote ule, hutoa majibu mawili tu: kuelekea upande huu au upande wa pili.

Katika waya wa kawaida spini za elektroni huelekea huku na huko, na jumla yao huwa sifuri. Mkondo wa umeme tunaoupima kwa ammita ni mwendo wa chaji peke yake. Hata hivyo, spini nayo yaweza kusafiri. Tufikirie barabara moja ambayo watu mia wanaelekea mashariki wakiwa wamevaa kofia nyekundu, na wakati huohuo watu mia wengine wanaelekea magharibi wakiwa na kofia nyeupe. Atakayehesabu watu tu atasema hakuna mabadiliko, kwani walioingia mji wa mashariki ni sawa na waliotoka. Lakini atakayehesabu kofia ataona kwamba nyekundu zimehamia mashariki na nyeupe zimehamia magharibi. Hali hiyo ndiyo inayoitwa mkondo wa spini: chaji hazikuongezeka upande wowote, ila spini zimehama. Ammita, ambayo huhesabu watu na si kofia, haioni kitu.

KWA NINI USO HUPITISHA UMEME

Jina topolojia latokana na tawi la hisabati linaloshughulika na sifa za maumbo ambazo hazibadiliki hata umbo likivutwa au kukunjwa, mradi lisichanwe. Mfinyanzi mwenye kikombe cha udongo mbichi chenye mkono mmoja aweza kukigeuza polepole kiwe ngata, ile pete ya nguo au majani iwekwayo kichwani chini ya mtungi, kwa kuwa vyote viwili vina tundu moja. Lakini hawezi kugeuza tufe la udongo liwe ngata bila kulitoboa. Idadi ya matundu ni namba kamili. Haiongezeki kwa nusu wala kwa robo.

Nishati za elektroni katika fuwele zimepangika katika kanda, na kati ya kanda zilizojaa na kanda zilizo tupu kihami huwa na pengo la nishati. Charles Kane na Eugene Mele wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba kanda hizo nazo zaweza kupewa namba ya namna hiyo. Vihami vya kawaida vina namba moja, na vihami vya kitopolojia vina nyingine. Hewa na ombwe huhesabiwa pamoja na vihami vya kawaida. Sasa, mahali kihami cha kitopolojia kinapokutana na hewa, namba moja sharti iwe nyingine. Na kwa vile namba hiyo haiwezi kubadilika maadamu pengo la nishati lipo, pengo hulazimika kufungika mpakani. Pengo likifungika, elektroni hupata njia ya kupita. Ndiyo maana uso hupitisha umeme, na ndiyo maana kuusugua au kuupasua hakuiondoi sifa hiyo.

Uthibitisho wa kwanza ulipatikana mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, ambako kundi la Laurens Molenkamp lilipima umeme unaopita kwenye kingo za tabaka jembamba la teluridi ya zebaki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamelitabiri jambo hilo mwaka mmoja kabla. Katika mwaka 2009 ikadhihirika kwamba selenidi ya bismuthi ina sifa hiyo kwenye uso wake mzima. Pengo lake la ndani ni kama elektroni-volti 0.3, yaani zaidi ya mara kumi ya nishati ya joto la kawaida la chumba. Hivyo haihitaji kupoozwa kupita kiasi ili sifa zake zionekane.

Juu ya uso huo spini na mwendo vimefungamana. Tuuchukulie uso wa fuwele kama ramani. Iwapo elektroni inayokwenda kaskazini spini yake yaelekea mashariki, basi inayokwenda kusini spini yake sharti ielekee magharibi. Hakuna inayokwenda kaskazini na spini ya magharibi. Kwa sababu hiyo elektroni inayokutana na kasoro ya kawaida katika fuwele haiwezi kugeuka na kurudi moja kwa moja ilikotoka, kwa kuwa kurudi kunadai spini igeuzwe kabisa, na kasoro isiyo ya kisumaku haina uwezo huo. Inaweza kukengeuka kwa pembe nyingine, lakini njia ya kurudi nyuma imefungwa.

TATIZO LA UPIMAJI

Mtu angeweza kudhani kwamba kazi iliyobaki ni nyepesi: kuunganisha waya mbili kwenye fuwele na kupima. Lakini fuwele halisi hazina ukamilifu wa nadharia. Katika selenidi ya bismuthi baadhi ya atomi za seleni hukosekana mahali pake, na kila pengo la atomi huacha elektroni za ziada ndani ya fuwele. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya ndani, ambayo ingepaswa kuwa kihami, nayo hupitisha umeme. Ammita hujumlisha yote. Haina namna ya kutenga elektroni za usoni na zile za ndani, wala haiwezi kusoma spini.

Hapo ndipo nuru ilipoitwa kusaidia.

PICHA ZILIZOPIGWA KWA ELEKTRONI

Njia ya kwanza ilijengwa juu ya jambo ambalo lipo katika muhtasari wa masomo ya sekondari. Heinrich Hertz aligundua mwaka 1887 kwamba nuru ya urujuanimno huathiri cheche za umeme zinazoruka kati ya vipande vya metali. Na mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba nuru huja katika mafungu ya nishati, na kila fungu, yaani fotoni, laweza kuitoa elektroni moja katika metali. Maelezo hayo ndiyo yaliyompatia Einstein Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Wachunguzi wa leo huipiga fuwele kwa nuru ya namna hiyo ndani ya ombwe, kisha hupima nishati na pembe ya kila elektroni inayotoka. Kutokana na vipimo hivyo viwili huweza kukokotoa elektroni ilikuwa na nishati gani na ilikuwa ikielekea wapi kabla ya kung'olewa. Kundi lililoongozwa na Zahid Hasan wa Chuo Kikuu cha Princeton lilipofanya hivyo kwa selenidi ya bismuthi, lilipata umbo lililotabiriwa na nadharia: pia mbili za nishati zilizokutana ncha kwa ncha. Vipimo vya ziada vya spini vilionyesha kwamba spini hulizunguka umbo hilo kama nadharia ilivyosema.

Hata hivyo njia hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, huonyesha elektroni ambayo imekwisha kutolewa nje. Haionyeshi mkondo unaopita. Pili, nuru yenyewe si shahidi asiyeingilia. Mwaka 2013 wachunguzi wa Berkeley, California, walieleza kwamba spini ya elektroni inayotoka yaweza kugeuzwa kwa kubadili namna mawimbi ya nuru yanavyotikisika. Yaani spini inayosomwa nje si lazima iwe ileile iliyokuwamo ndani. Ili kuujua mkondo, ilibidi elektroni ziachwe zikae katika fuwele, na nuru itumike kuzisukuma tu.

NURU INAYOZUNGUKA

Nuru ni wimbi la uga wa umeme na uga wa sumaku. Katika nuru ya jua au ya taa, uga wa umeme hutikisika kuelekea pande zote bila mpango. Nuru hiyo ikipitishwa katika kichujio maalumu, hubaki mtikisiko wa mstari mmoja tu, na nuru huitwa iliyopolarishwa kwa mstari. Kuna pia nuru ambayo uga wake hauendi mbele na nyuma, bali huzunguka kama mshale wa saa, kulia au kushoto, huku wimbi likisonga mbele. Hiyo ni nuru iliyopolarishwa kwa mzunguko.

Nuru inayozunguka hubeba momenta ya mzunguko. Richard Beth alilithibitisha jambo hili mwaka 1936 kwa kutundika bamba la kwatzi kwenye uzi mwembamba na kulipitishia nuru ya namna hiyo. Bamba lilipinda uzi kwa kiasi kidogo mno lakini kinachopimika. Ndiyo kusema kwamba nuru inayozunguka yaweza kuhusiana na spini ya elektroni, na kwamba nuru ya mkono wa kulia itachagua elektroni tofauti na nuru ya mkono wa kushoto.

Turudi kwenye ramani yetu. Tuseme nuru inayozunguka inaangukia uso wa fuwele kwa mshazari, ikitokea mashariki. Sehemu ya momenta yake ya mzunguko italala juu ya uso, kwenye mstari wa mashariki na magharibi. Kwa hiyo nuru hiyo itazitendea elektroni zenye spini ya mashariki tofauti na zenye spini ya magharibi. Lakini tumekwisha kuona kwamba elektroni zenye spini ya mashariki ndizo ziendazo kaskazini, na zenye spini ya magharibi ndizo ziendazo kusini. Nuru ikizinyanyua zaidi zile za upande mmoja, mizani iliyokuwapo huvunjika, na mkondo wa umeme hutokea kati ya kaskazini na kusini, bila betri yoyote. Nuru ikigeuzwa izunguke kinyume, mkondo nao utageuka. Mkondo wa spini, ambao ammita haikuweza kuuona, umegeuzwa kuwa mkondo wa chaji, ambao ammita huuona.

JARIBIO LA CAMBRIDGE

Jaribio hilo lilifanywa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, mjini Cambridge, Marekani, na James McIver pamoja na wenzake katika makundi ya Nuh Gedik na Pablo Jarillo-Herrero. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kipande chembamba cha selenidi ya bismuthi kiliunganishwa na elektrodi mbili, kisha kikaangazwa kwa mapigo mafupi ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 795, yaani nuru iliyo karibu tu na ukingo wa wekundu unaoonekana kwa macho. Njiani nuru ilipitishwa katika bamba la robo-wimbi. Bamba hilo, likizungushwa, hubadili nuru ya mstari iwe ya mzunguko na kuirudisha tena: kwa nyuzi 0 nuru ni ya mstari, kwa nyuzi 45 huzunguka upande mmoja, kwa nyuzi 90 ni ya mstari tena, na kwa nyuzi 135 huzunguka upande wa pili.

Mkondo ulipanda na kushuka kadiri bamba lilivyozungushwa. Lakini kupanda na kushuka peke yake hakukutosha kuwa ushahidi, kwa maana leza pia hupasha joto. Sehemu ya fuwele ikipata joto kuliko nyingine, elektroni husukumwa kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na mkondo hutokea ambao hauna uhusiano wowote na spini. Hilo ndilo lililokuwa shaka kubwa, na wachunguzi walilikabili kwa njia kadhaa.

Kwanza walizingatia mahali pa kuangaza. Leza ikielekezwa karibu na elektrodi moja, mkondo wa joto huenda upande mmoja. Ikielekezwa karibu na elektrodi ya pili, huenda kinyume. Katikati kabisa misukumo hiyo miwili hulingana na kufutana. Vipimo vikafanywa hapo katikati.

Pili walichambua umbo la grafu. Nuru ya mzunguko hurudia hali yake kila bamba linapozunguka nyuzi 180, na hivyo mchango wake hufuata saini ya pembe mara mbili. Nuru ya mstari hurudia hali yake kila nyuzi 90, na mchango wake hufuata saini na kosaini za pembe mara nne. Joto linalotokana na kumezwa tu kwa nuru halijali nuru inazunguka upande gani. Hilo hubaki kama kiasi kisichobadilika. Kwa kutumia hisabati hiyo, mkondo mmoja uligawanywa katika sehemu nne, na kila sehemu ikachunguzwa peke yake katika halijoto mbalimbali. Sehemu inayofuata mzunguko wa nuru na mojawapo ya zile zinazofuata mstari zilibadilika pamoja na halijoto kwa namna ileile. Mbili nyingine zilibadilika kwa namna yao. Ishara ilikuwa kwamba jozi ya kwanza ina chimbuko moja na jozi ya pili ina jingine.

Tatu walibadili upande wa nuru. Ilipoanguka wima juu ya uso, au iliposhuka kwa mshazari ikifuata mstari wa elektrodi zenyewe, ile sehemu ya mzunguko ilitoweka. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa: spini zimelala juu ya uso, na nuru ya wima haina sehemu ya momenta ya kuzibagua, nayo nuru inayotoka upande wa elektrodi huchagua elektroni ziendazo upande mwingine, ambako hakuna elektrodi ya kuzipokea.

ULINGANIFU KAMA KICHUJIO

Bado msomaji makini atauliza: nuru hiyo hupenya makumi ya nanomita ndani ya fuwele, na uso ni wa nanomita chache tu. Kwa nini basi mkondo huo usitoke ndani?

Jibu lapatikana katika ulinganifu wa fuwele. Ndani ya selenidi ya bismuthi, kila atomi ina mwenzake upande wa pili wa kituo, kwa umbali uleule. Fuwele ikigeuzwa kinyume kuhusu kituo hicho, kaskazini ikawa kusini na juu ikawa chini, hubaki vilevile. Tuseme sasa kwamba nuru iliyoenea sawasawa ingesukuma elektroni za ndani kwenda kaskazini. Katika fuwele iliyogeuzwa ingepaswa kuzisukuma kusini. Lakini fuwele iliyogeuzwa ni ileile ya mwanzo! Msukumo hauwezi kuwa wa kaskazini na wa kusini kwa wakati mmoja. Hivyo sharti uwe sifuri. Usoni, kinyume chake, juu ni hewa na chini ni fuwele; ulinganifu huo haupo, na mkondo unaruhusiwa. Hoja hii haihitaji hesabu ndefu, na bado huziondoa elektroni nyingi za ndani katika orodha ya watuhumiwa. Hubakiza mambo machache, kama vile fotoni kuzisukuma elektroni kwa mwendo wake zenyewe, ambayo ndiyo yaliyodhaniwa kuwa chanzo cha sehemu nyingine za ule mkondo.

WAKATI KAMA KICHUJIO

Mwaka 2015 kundi la Alexander Holleitner wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, lilitangaza njia nyingine ya kutenga joto na spini, nayo ni kupima wakati. Elektroni za usoni husafiri kwa kasi ya takriban mita 500,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo kuliko ya nuru mara mia sita, lakini yatosha kuvuka nusu ya mikromita katika pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni milioni ya sekunde. Mikondo itokanayo na joto huchelewa kuliko hapo. Kwa kupima mkondo pikosekunde kwa pikosekunde, wachunguzi hao waliona mkondo unaotii mzunguko wa nuru ukitengana na ule usioujali. Kile ambacho Cambridge walikitenga kwa pembe na halijoto, Munich walikitenga kwa saa. Njia mbili tofauti zikikubaliana, imani huongezeka.

MASHAKA YALIYOBAKI

Hata hivyo si kila swali limefungwa. Fotoni ya nanomita 795 ina nishati ya elektroni-volti 1.56, ambayo ni mara tano ya pengo la ndani la fuwele. Elektroni inayonyanyuliwa na fotoni hiyo huacha njia za usoni na kupandishwa katika kanda za juu, ambako kufungamana kwa spini na mwendo si lazima kuwe kulekule. Zaidi ya hayo, fuwele inapokaa hewani uso wake hubadilika, na chini yake tu huweza kujikusanya tabaka jingine la elektroni za kawaida ambazo nazo spini zao huathiriwa na mwendo, ingawa kwa kiasi kidogo. Tabaka hilo laweza kuchangia mkondo wa namna ileile. Ndiyo sababu baadhi ya wachunguzi wameelekea kwenye nuru ya nishati ndogo zaidi, na kwenye fuwele zilizotengenezwa kwa utaratibu wa kupunguza elektroni za ziada.

Nuru pia imeonyesha kwamba yaweza kufanya zaidi ya kupima. Mwaka 2013 kundi lilelile la Gedik lilionyesha kwamba nuru ya infraredi yenye nguvu, wakati inapoangaza uso huo, hubadili kwa muda mfupi mpangilio wenyewe wa nishati za elektroni. Kwa hiyo nuru hiyohiyo ni chombo cha kupimia na ni chombo cha kugeuzia. Mchunguzi hana budi kujua katika kila jaribio anaitumia kwa kazi ipi.

Faida inayotarajiwa ni ya muda mrefu. Elimu ya spini imekwisha kuingia katika matumizi ya kila siku: ugunduzi wa Albert Fert na Peter Grünberg wa mwaka 1988, uliowapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007, uliwezesha visoma-diski vya kompyuta kusoma alama ndogo sana za sumaku. Uso ambao mkondo wake hugeuzwa kwa kugeuza mzunguko wa nuru, bila waya wala swichi, waweza siku moja kutumika kuhamisha habari kati ya nuru na sumaku. Lakini hilo ni tumaini, na vifaa vya namna hiyo bado ni vya maabara.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Sehemu kubwa ya hoja zilizoelezwa hapa yaweza kufuatwa kwa elimu ya kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wakokotoe nishati ya fotoni ya nanomita 795 kwa kuzidisha namba ya Planck, 6.63 × 10⁻³⁴, na kasi ya nuru, 3.00 × 10⁸, kisha kugawanya kwa urefu wa wimbi katika mita. Watapata kama 2.5 × 10⁻¹⁹ za jouli. Wakigawanya tena kwa 1.60 × 10⁻¹⁹ watapata elektroni-volti 1.56, na wataweza kuilinganisha na pengo la 0.3.

Kisha wachore grafu ya saini ya pembe mara mbili na ya saini ya pembe mara nne kutoka nyuzi 0 hadi 360, wazijumlishe, na kuongeza kiasi kisichobadilika. Mwalimu aweza kumpa kila mwanafunzi jumla yenye uzito tofauti wa sehemu hizo, ili mwenzake ajaribu kuzitenganisha tena kwa kuangalia grafu inajirudia kila nyuzi ngapi.

Kwa onyesho la macho hazihitajiki zana za gharama. Nuru inayotoka katika kioo cha kikokotoo au cha simu nyingi imekwisha kupolarishwa. Ikitazamwa kupitia miwani ya jua yenye kichujio cha aina hiyo, kioo huonekana kikififia na kung'aa tena miwani inapozungushwa. Rula ya plastiki angavu ikiwekwa kati ya kioo cheupe cha simu na miwani, rangi hujitokeza ndani yake, kwa sababu plastiki hiyo huchelewesha mtikisiko mmoja wa nuru kuliko mwingine. Bamba la robo-wimbi la Cambridge hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa kwamba unene wake umepimwa kwa uangalifu ili ucheleweshaji uwe robo kamili ya wimbi.